Wakili Huchaguliwa Kabla ya Kesi

Mpwa wangu anafungasha viungo: mdalasini, iliki, binzari, pilipili manga. Alianzia jikoni kwa mama yake, sasa amepata fremu ya kupanga Sinza na anataka kusajili kampuni. Juzi alinitumia picha za mkataba wa pango, kurasa 12 za Kiingereza, na chini yake ujumbe: "Shikamoo mjomba. Mkataba tayari una muhuri wa wakili, kwa hiyo uko salama, si ndiyo? Halafu kuna kaka mmoja anasema atanisajilia kampuni na kuniandikia katiba yake kwa laki moja na nusu, kesho asubuhi iko tayari. Nimlipe?"

Nilimwambia asisaini na asilipe, nitampigia jioni. Jioni tuliongea mpaka simu ikaisha chaji, maana maswali yake mawili yaligusa mambo ambayo nimeyaona kwa macho tangu nikiwa kijana wa kutumwa.

Nilianza kuwajua mawakili kwa kubeba bahasha zao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 niliajiriwa kama tarishi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji Gerezani. Tajiri wetu alianza na mashine moja ya kuchapa kadi za harusi, na kufikia wakati huo alikuwa akichapa kalenda, madaftari na vitabu vya risiti vya nusu ya maduka ya Kariakoo. Kazi zake za kisheria alizigawa kwa mawakili tofauti, na mimi ndiye niliyekuwa nikitoka na bahasha, kwa miguu, kukatiza Mnazi Mmoja hadi mjini. Tarishi anakaa sana mapokezini, tena hakuna anayejali akisikia nini.

Ofisi moja ilikuwa ghorofani, barabara ya Samora, yenye kiyoyozi na zulia ambalo niliona aibu kulikanyaga kwa viatu vyangu vya vumbi la Gerezani. Wakili ambaye jina lake limeandikwa mlangoni sikubahatika kumwona. Bahasha ilipokelewa na katibu muhtasi, ikapelekwa kwa wakili kijana, na nilipofuata majibu nilimkuta kijana mwingine. Kila aliyeshika faili alianza kwa kuuliza yale yale aliyouliza mwenzake, na tajiri alilipia kila mwanzo. Sisemi ofisi kubwa ni mbaya. Benki au kampuni ya madini inahitaji kundi la watu wa kusoma nyaraka kwa wakati mmoja, tena wenye uzoefu wa kodi, wa ardhi na wa mikataba ya nje. Mchapaji wa kalenda hana kazi ya kulipa kundi. Tangu hapo, nikiingia ofisi yoyote ya uwakili swali langu la kwanza ni hili: faili langu atalishika nani, na nikipiga simu atapokea nani? Wapo wanaoona ni swali la utovu wa adabu, lakini jibu lake linanisaidia kuliko zulia.

Ofisi ya pili ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Feni ya dari ilizunguka polepole, faili zimefungwa utepe na kupangwa mpaka sakafuni, na nyuma ya meza alikaa mzee mwembamba mwenye penseli nyekundu sikioni, kama fundi seremala. Huyu alisoma mbele yangu. Alifungua bahasha, akasoma kila ukurasa, penseli ikishuka na mstari, halafu akageuza bahasha ile ile na kuandika mgongoni maswali ya kumrudishia tajiri.

Siku moja tajiri alitaka kukodi chumba cha mbele cha nyumba moja Kariakoo afungue duka la vifaa vya ofisi. Walishakubaliana bei, kilichobaki ni mkataba. Nilirudi na bahasha imejaa mwandiko wa penseli: Atakayesaini ndiye mwenye jina kwenye hati? Mwenye jina yuko hai? Kama amefariki, msimamizi wa mirathi ni nani, na barua ya mahakama iko wapi? Ameacha wake wangapi?

Tajiri aliitupa bahasha mezani. "Nimempa kazi ya kuandika mkataba, yeye ananiuliza habari za misiba ya watu!"

Anayeijua Kariakoo anajua kwa nini mzee yule aliuliza. Nyumba nyingi za pale zilijengwa na mababu, na zimepita mikononi mwa watoto na wajukuu bila mtu kwenda mahakamani. Anayekusanya kodi ni mtoto mmoja kati ya wengi, mara nyingi yule anayeishi mle ndani au mwenye sauti kubwa. Sheria haimtambui kwa sababu ya sauti. Mwenye mali akifariki, anayeruhusiwa kuishughulikia mali yake ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, basi. Mtoto ambaye hajateuliwa akikupangisha, amekupangisha kitu ambacho hana mamlaka nacho, hata kama amezaliwa kwenye nyumba hiyo. Mwenye jina kwenye hati ile alikuwa ameshafariki kitambo, ameacha wajane wawili, na hakuna aliyefungua mirathi. Wakili alikataa kuandika mkataba mpaka aletewe barua ya usimamizi. Barua haikuletwa, tajiri akaghairi kwa shingo upande.

Chumba kilichukuliwa na muuza vyombo vya plastiki. Alikarabati, akaweka vioo na rafu, akalipa kodi ya mwaka mzima. Baadaye dada zake yule aliyempangisha walifungua shauri la mirathi, msimamizi akateuliwa, na haikuchukua muda dalali wa mahakama akafika na vijana wake. Nilikuwa napita na mkokoteni wa karatasi siku ndoo na mabeseni yalipokuwa yakipangwa barabarani. Nilimsimulia tajiri. Hakusema neno, lakini tangu siku hiyo bahasha za mikataba zote zilienda kwa mzee wa penseli.

Mzee yule hakushinda kesi yoyote hapo. Hakwenda hata mahakamani. Kazi aliyoifanya ilikuwa kuuliza maswali manne na kukataa ada. Watu wakitafuta wakili wa biashara huuliza, "Ni mkali? Ameshinda kesi ngapi?" Mimi huuliza aliwahi kumkatalia nani, na kwa sababu gani.

Lakini tajiri naye alikuwa binadamu. Kampuni moja ilipokaa na deni lake la kalenda, hakumfuata mzee. Alitaka jina. Alimpata wakili aliyekuwa akitajwa sana magazetini kwa kesi za jinai, mtu wa sauti nzito ambaye akisimama mahakamani hata mlinzi wa mlangoni hugeuka. Wakati ule Mahakama Kuu ilikuwa imeanzisha divisheni yake ya biashara, mwaka 1999, na wafanyabiashara wa mjini waliizungumzia kwa matumaini kwamba sasa madeni yataisha haraka. Tajiri alidhani atakwenda kutazama ndovu wawili wakipigana. Alichokwenda kutazama ni tarehe. Wakili wake alikuwa na kesi kubwa mahali pengine, akatuma kijana aliyesimama kwa niaba yake, asiyejua hata kalenda zenyewe zilikuwa za mwaka gani, shauri likaahirishwa. Mara nyingine wakili wa upande wa pili hakutokea. Likaahirishwa tena.

Deni lile lililipwa kwenye usuluhishi. Tangu mwaka 1994 kanuni za mashauri ya madai zinataka pande mbili zipelekwe kwanza kwa msuluhishi kabla ya kesi kusikilizwa, na hapo ndipo mdaiwa, aliyekuwa na shida ya fedha wala hakuwa na ubishi wowote, alipokubali kulipa kwa awamu. Mzee wa penseli aliposikia alicheka. Alisema barua moja ya madai na kikao kimoja cha chai vingeweza kufika pale pale, na kwamba hata ukishinda, hukumu ni karatasi mpaka uikaze. Maneno hayo, kukaza hukumu, niliyasikia kwake kwa mara ya kwanza. Watu wengi huyasikia wakiwa tayari wameshalipa ada ya kesi na kugundua kwamba aliyeshindwa hana gari, hana nyumba, na akaunti yake benki ni tupu. Wakili wa kukupigania deni lazima akuambie mapema kama kuna cha kukamata. Asipokuambia, muulize. Na umuulize kwa shilingi: kesi itanigharimu kiasi gani, na deni lenyewe ni kiasi gani?

Miaka ilipita, mzee akastaafu, tajiri akafunga kiwanda. Mimi na rafiki yangu mmoja, fundi mitambo wa pale pale, tulinunua mashine zake mbili tukaamua kufungua kampuni. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ilikuwa imeanza kutumika mwaka 2006, na mtaani walishajaa watu wenye katiba za kampuni zilizokwisha kuchapwa: unaweka majina, unasaini, unapeleka BRELA kusajili. Sisi tulikwenda kwa wakili, mwanamke kijana aliyefundwa kazi na yule mzee. Alikuwa na chumba chake mwenyewe sasa, na kalamu nyekundu badala ya penseli.

Tulikaa mbele yake tukitabasamu kama maharusi. Akauliza, "Mkigombana, mashine ya Heidelberg inabaki kwa nani?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. "Mmoja wenu akifariki, huyu mwingine yuko tayari kufanya kazi na mjane wake? Na shemeji zake? Mmoja akitaka kuondoka, hisa zake nani atazipangia bei?" Rafiki yangu alininong'oneza kwamba mama huyu anatuletea mkosi. Halafu wakili akatuambia jambo ambalo mawakili wengi hawalisemi kwa sababu linapunguza kazi: "Mimi nitakuwa wakili wa kampuni. Si wakili wako wala wa mwenzako. Siku mkishtakiana, sitasimama upande wa yeyote, na kama kuna mmoja anayetaka ushauri wake wa siri leo, atafute mtu mwingine."

Aliandika kwenye katiba kwamba anayeondoka lazima kwanza amuuzie mwenzake, kwa bei itakayopangwa na mkaguzi wa hesabu. Rafiki yangu baadaye alihamia Mwanza kwenye biashara ya samaki. Tulimwita mkaguzi, akapiga hesabu, nikalipa, tukabadilisha majina BRELA. Mpaka leo akija Dar anafikia kwangu. Nawajua marafiki wa miaka mingi walioanza na ile katiba ya kujaza majina na sasa wanasalimiana kupitia mawakili.

Mwanamke huyo ndiye aliyenifundisha jambo la mwisho kuhusu wakili mzuri, tena kwa kunifukuza. Nilikuwa na mfanyakazi aliyekamatwa na karatasi za kiwanda mgongoni mwa bodaboda. Nilishamwambia asirudi. Nilipompigia wakili alinikatiza: "Hili si langu. Mambo ya kazi yana kanuni zake, nenda kwa fulani, nenda leo." Huyo fulani alinieleza kwamba hata mwizi ana haki ya kuandikiwa tuhuma na kukaa kikao cha nidhamu, na kwamba aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Alinishauri nimwite kijana, nimwandikie, tukae kikao kama sheria inavyotaka. Tukakaa, akakiri, tukaachana kwa maandishi. Wakili wa makampuni angeweza kuichukua kazi ile na ada yake. Aliijua mipaka yake, na kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko vyeti vya ukutani.

Sasa nirudi kwenye muhuri, kwa sababu hapa mimi ni mtu wa ndani. Kiwanda changu kina kona ya kutengeneza mihuri. Asubuhi moja aliingia kijana mtanashati, shati limepigwa pasi, akanipa kikaratasi: jina la wakili, chini yake "Wakili, Notari na Kamishna wa Viapo", sanduku la posta, Dar es Salaam. Akataka wino wa bluu na akataka haraka. Nikamwomba kitambulisho na nakala ya leseni ya mwaka huu ya mwenye jina. Akasema bosi wake yuko safarini. Nikasema basi nimpigie bosi. Akasema simu ya bosi haipatikani. Nikampigia wakili wangu, naye akamtafuta mwenye jina. Alikuwepo kweli, wakili halali, yuko Mwanza kazini kwake, na hakuwa ameagiza muhuri wowote. Nilipogeuka kijana alishaondoka, kikaratasi amekiacha. Sina shaka alikwenda duka la pili.

Hao ndio vishoka. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inawakataza watu wasio na sifa kufanya kazi ya uwakili na inasema ni kosa, lakini kila siku wanaandika mikataba kwenye vibanda vya stesheni. Leo kuwatambua ni rahisi kuliko enzi zangu za bahasha. Mahakama ina mfumo wake wa mtandaoni, e-Wakili, ambako unaandika jina na kuona kama mtu huyo ni wakili na kama anaruhusiwa kufanya kazi sasa hivi. Hilo la pili lina uzito wake, kwa kuwa leseni ya uwakili inahuishwa kila mwaka. Mtu anaweza kuwa wakili kamili aliyesimamishwa, au aliyeacha kuhuisha. Hii ni kwa Bara, ambako chama chao ni kile cha Mawakili wa Tanganyika, TLS; Zanzibar wana chama chao.

Ila muhuri halali nao una udanganyifu wake, na huu hauna kishoka. Mpwa wangu aliamini mkataba wenye muhuri wa wakili umekaguliwa na wakili. Hapana. Wakili anayegonga muhuri pembeni ya saini anashuhudia kwamba fulani, anayemfahamu au aliyetambulishwa kwake, amesaini mbele yake siku ile. Hasemi mkataba ni wa haki, hasemi umeusoma, hasemi hata kama yeye ameusoma. Nilimwambia mpwa wangu ateremke ukurasa wa mwisho, chini kabisa, mahali panapoandikwa jina na anuani ya aliyeuandaa. Akasoma. Ni kampuni ya mawakili wa mwenye jengo.

"Kumbe huyu si wakili wangu?"

"Si wako, mama. Huyo analipwa na mwenye jengo, na kazi yake ameifanya vizuri."

Vizuri sana kwa kweli. Kifungu kimoja kilimruhusu mwenye jengo kupandisha kodi wakati wowote kwa notisi ya siku saba. Kingine kilimbebesha mpangaji ukarabati wote, paa pamoja. Ushuru wa stempu, ambao kwa mkataba wa pango ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, haukutajwa kabisa, wakati mkataba usiolipiwa ushuru huo haupokelewi mahakamani kama ushahidi. Wala hakuna mstari uliosema kuhusu kodi ya zuio, ile asilimia 10 ambayo kampuni inayopanga inatakiwa kuikata kwenye pango na kuipeleka TRA. Kampuni isipoikata, TRA wataidai yenyewe.

Na kuna suala la lugha. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Bado mikataba ya fremu ya kuuza iliki inaandikwa kwa Kiingereza cha karne iliyopita, kati ya mwenye nyumba anayeongea Kiswahili na mpangaji anayeongea Kiswahili. Mwambie wakili aandike kwa Kiswahili. Akisema haiwezekani, mwenzake wa jengo la pili anaweza.

Kwa yule kaka wa laki moja na nusu, nilimwambia mpwa amwombe namba yake ya usajili wa uwakili tu, kwa upole. Hakujibu tena. Badala yake nimempa majina mawili, wote vijana waliopita Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, mmoja wa makampuni na mmoja wa ardhi, akutane nao wote kabla hajachagua. Nimemwambia asikilize nani anamuuliza maswali mengi zaidi kabla ya kutaja bei.

Bei nayo iandikwe. Viwango vya ada za mawakili vimewekwa kwa amri ya mwaka 2015, kwa hiyo si siri wala si jambo la kuonea haya. Makubaliano yaseme ni kazi gani, atakayeifanya ni nani, malipo ni kwa kazi nzima au kwa mwezi, na gharama za BRELA au za mahakama ziko ndani au nje. Ukilipa dai risiti. Mambo yakiharibika, malalamiko dhidi ya wakili yanapokelewa na Kamati ya Mawakili, na asiye na karatasi huko anabaki na maneno yake. Usitoke ofisini kwa wakili bila makubaliano yaliyosainiwa na risiti ya ulichokwisha kulipa.